Mashine ya Kuishinda Bulugamu

Mimi nina hasira za karibu, na fundi aliyekuja kwangu asubuhi ile alibahatika kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika kikombe cha chai. Msumari wake wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapinda. Uliofuata uliruka kama panzi ukaangukia kwenye sukumawiki. Akainuka, akajipangusa magoti, akautazama ubao kama mtu aliyetukanwa.

“Mama, hii si mbao,” akaniambia. “Hii ni chuma. Ungeniita wakati ilikuwa mbichi.”

Akapokea kile kikombe, akanywa chai yote, akafunga mkoba wake akaenda zake. Nikabaki uani na rundo la mbao zisizoingilika, huku mawingu yakianza kujikusanya upande wa Ngong. Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Ili unielewe, inabidi nikueleze kwanza habari ya udongo wetu. Nyumba yangu iko Kitengela, kule ambako lami imekwisha na majirani wamejenga mbalimbali. Udongo wetu ni ule mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kandambili. Mvua ikinyesha huvimba na kunata, na chochote ulichokijenga juu yake hukiinua na kukivunja. Nilipomleta mama kutoka mashambani baada ya kuvunjika nyonga, nilimtengenezea njia ya saruji kutoka mlangoni hadi getini, ili kiti chake cha magurudumu kipite vizuri. Nilijisifu sana kwa ile njia. Msimu mmoja tu wa mvua uliivunja vipande vipande.

Msimu huo mama hakutoka nje. Siku ya kwanza nilimbeba mgongoni kuelekea getini, na kabla hatujafika akaniambia nimrudishe, yeye si mtoto mchanga. Baada ya hapo alikaa dirishani. Ujue kwamba getini ndiko alikozoea kukutana kila asubuhi na jirani yetu, bibi mmoja wa Kimaasai anayetuletea maziwa akiwa njiani na mbuzi wake. Hakuna lugha ambayo wote wawili wanaijua sawasawa, lakini waliweza kuongea mpaka mbuzi wachoke na waanze kula ua langu. Mvua ilipomfungia mama ndani, bibi alikuwa akiuning'iniza mtungi wa maziwa getini na kuwakimbilia mbuzi, na mimi ndiye niliyeuendea kwa gamboti, vile viatu virefu vya mpira. Mama akapunguza kula. Kisha akapunguza kuongea, na hilo ndilo lililonitisha, maana mama yangu ni mtu wa maneno.

Ndugu yangu anaishi Embulbul, katika nyumba ya kupanga yenye sakafu ya vigae na uwanja uliopangwa matofali mpaka barabarani. Ni mtu mzuri, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi anasema kweli. Msimu ule ulipokwisha alinipigia simu.

“Sister, mvua ikianza tena kama hakuna njia hapo, nakuja kuchukua mum. Hatuwezi mfungia kwa nyumba kama kuku.”

Nilikata simu kwa hasira. Mama alikuwa amesikia. Yeye huniita maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. Hunichoma moyo akiniita hivyo huku sauti yake ikiwa ndogo.

“Maitu, nilishahamishwa mara moja,” akasema. “Huko Embulbul nitaongea na nani? Na vigae?”

Basi, mambo yalisimama hivyo: njia iwepo kabla ya mvua, au mama achukuliwe.

Mbao nilikuwa nazo. Marehemu baba alipanda bulugamu mpakani mwa shamba letu kule nyumbani, ile miti ambayo vitabu huiita mikaratusi. Mama alipohamia kwangu tuliikata, tukaipasua mbao nene, na lori lililoleta kitanda chake likaleta na mbao. Nami nilikumbuka jinsi baba alivyokuwa akipanga mbao zake, vijiti katikati ili hewa ipite, na kusema kwamba mbao isiyokauka ni mbao inayotembea, itapinda tu. Nikazipanga vivyo hivyo chini ya kibanda cha tangi la maji. Zikakauka mwaka mzima na zaidi. Wageni walipokuja niliwaonyesha.

Fundi alipoondoka nilikwenda kumweleza mama alivyosema. Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika nyonga.

“Baba yako alikuwa anakausha cypress, si bulugamu!” akasema. “Bulugamu inapigwa misumari ikiwa mbichi, maji bado yanatoka. Kwetu kila mtu anajua. Ikikauka hivyo, hata panya haigusi.”

“Sasa mbona ulinyamaza mwaka mzima?”

“Mimi nilijua ni kuni. Nikaona umezipanga vizuri, nikasema, huyu mtoto ameanza kuwa mtu wa mpango.”

Hasira zilinipanda zikafika hapa kooni, kisha zikashuka zenyewe, kwa sababu nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mvua ile. Nikaamua papo hapo. Miti ya baba haitakuwa kuni. Kama haitaki msumari, itakula skrubu.

Nilikuwa na mashine ndogo ya kukazia skrubu. Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia na sare za shule, na mteja akitaka nampachikia pazia lake ukutani. Kwa kazi hiyo mashine yangu ilitosha. Niliiweka juu ya bulugamu, nikabonyeza. Ilizunguka kidogo, ikaguna, ikasimama, na harufu ya kitu kinachoungua ikanifika puani. Nilipoitoa, kichwa cha skrubu kilikuwa kimelika na kubaki duara tupu.

Kitu kile hakikuwa kigeni kwangu. Nina cherehani mbili dukani. Moja ni mpya, inakimbia kwenye pamba utadhani inafukuzwa, lakini ukiipa jeans, ikifika pale mishono inapokutana, husimama ikalia. Nyingine ni nzee, nyeusi, haina haraka na mtu, na hupita kwenye jeans na hata kwenye turubai. Kwa hiyo nilijua ninachokitafuta hata kabla sijalijua jina lake: si mbio, bali nguvu ya kuzungusha wakati kitu kinakataa. Tena, hakuna fundi cherehani mwenye akili zake anayenunua mashine bila kubeba kitambaa atakachoshona. Nikakata kipande cha bulugamu, nikakitia kwenye kiondo, nikaenda madukani.

Duka la kwanza pale Kitengela nilimkuta kijana mchangamfu, aliyenipokea kama aliyekuwa akiningoja.

“Hii ni moto, mathe,” akasema, akiniwekea boksi mbele. “Twenty volts. Iko na speed mbaya.”

“Speed ya nini? Mimi siendi mahali. Nguvu ya kuzungusha ni ngapi?”

Akaligeuza boksi, akasoma upande wenye picha. “Iko na nguvu. Si unaona volts?”

“Volts ni chakula inakula. Mimi nauliza kazi inafanya.”

Nikatoa bulugamu yangu nikaiweka juu ya kaunta. Nikamwomba aingize skrubu hapo, nikiona kwa macho yangu.

“Aii, mathe. Tukiifungua inakuwa used. Nunua, uende ujaribu nayo home.”

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikabeba ubao wangu. Duka lililofuata waliniambia hivyo hivyo kwa adabu zaidi. Nilipoingia lingine, mhudumu alimnong'oneza mwenzake kwamba yule mama wa ubao amefika. Nikarudi nyumbani nimenuna, na mawingu ya Ngong yalikuwa yameongezeka.

Aliyenitoa pale ni bibi wa maziwa. Ardhi bado ilikuwa kavu, kwa hiyo asubuhi yake nilimkokota mama juu ya vile vipande vya saruji hadi getini, kila kishindo kikimkunja uso.

“Takwenya, koko,” nikamwamkia bibi.

“Iko,” akaitikia kwa Kimaasai chake, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye uso wangu. “Wewe leo umekasirika nani?”

Mama akamsimulia yote, kwa mikono zaidi kuliko maneno: msumari uliopinda, mashine iliyoguna, kijana wa volts. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

“Kijana yangu alijenga crush, ile njia nyembamba ya kushika ng'ombe wakati ya dawa,” akasema. “Miti ngumu sana. Machine alitoa Kajiado, kwa ile duka ya mama iko karibu na soko ya ng'ombe. Enda siku ya soko. Pale mtu hanunui kitu hajashika.”

Nikaenda siku ya soko. Nilipita katikati ya wanunuzi wakibinya migongo ya mbuzi na kuwafunua midomo watazame meno, na hakuna hata mmoja aliyekiona kiondo changu kuwa kichekesho. Mwenye duka alikuwa mama wa Ukambani, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Niliweka ubao mbele yake, nikajiandaa kugombana. Akaugonga kwa kidole, akausikiliza.

“Bulugamu kavu,” akasema. “Pole sana. Ni ya kujenga nini?”

Nikamwambia. Si mbao tu, nilimwambia yote, na mama, na dirisha, na Embulbul. Sijui kwa nini. Aliinama akatoa mashine zake mwenyewe, zile anazowajaribishia watu, zilizochakaa rangi.

Ya kwanza ilikuwa ndugu mkubwa wa ile yangu. Iliingiza skrubu hadi katikati, ikakwama, na kwa kuwa skrubu ilikataa kuzunguka, ikanizungusha mimi. Kiwiko changu kiligonga kaunta. Ya pili ilikuwa dubwana lenye shingo nene. Nilibonyeza mara moja tu. Kichwa cha skrubu kilikatika kikaruka, na mteja mmoja nyuma yangu akaomba Mungu.

“Hiyo ni ya nati za lori,” akasema mwenye duka, bila kushtuka. “Ni ya nguvu, lakini hiyo nguvu si ya skrubu. Watu wanakuja hapa wakitaka ile kubwa kabisa, halafu wanarudi na skrubu mkononi.”

Ya tatu ilikuwa fupi, ya kukaa vizuri mkononi. Nilibonyeza taratibu. Ilizunguka kimya kimya mpaka bulugamu ikaanza ukaidi, kisha ndani yake kukaanza kugongagonga, vipigo vidogo vya haraka, na kila kipigo kikaisogeza skrubu kidogo. Mkono wangu haukupindwa hata chembe. Skrubu ilishuka, ikashuka, mpaka kichwa kikalala sawa na ubao. Nilikuwa nikiibonyeza kama ninavyokanyaga pedali ya cherehani nzee, na ilinitii vivyo hivyo.

“Sasa soma hapa,” akasema, akivaa miwani na kunionyesha ubavu wa boksi. “Hii namba iko na Nm. Hii ndio torque, hii nguvu yako ya kuzungusha. Hiyo ya volts wachana nayo kwanza. Na usitupe ile ndogo uko nayo. Toboa kashimo na ile, halafu kaza na hii. Mbao kama hii bila shimo inapasuka hapa kwa ncha.” Akanitazama. “Mbona unalia sasa?”

“Ni vumbi,” nikasema. Halikuwa vumbi. Nilifurahi mno kwa mtu aliyesimama tu dukani. Bei yake sitaitaja. Kuna mteja wa mapazia aliyeilipia bila kujua.

Tulianza kesho yake, mama na mimi. Baada ya somo la saruji sikuchimba nguzo. Nilipanga mawe juu ya ardhi, nikalaza boriti juu ya mawe, na mbao juu ya boriti, ili udongo ukivimba unyanyue njia yote pamoja na kuishusha pamoja. Nilifanya kazi asubuhi kabla ya kufungua duka. Mama alikaa kwenye kiti chake barazani na bakuli la skrubu mapajani, akizisugua moja moja kwenye kipande cha sabuni ya kufulia. Hilo nilimfundisha mimi. Sindano iliyopitishwa kwenye sabuni haibishani na kitambaa kigumu, na skrubu ni vivyo hivyo.

Siku ya kwanza nilizivunja kadhaa. Mashine haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kidole changu. Nilibonyeza kwa ghadhabu, kama ninayemjibu ndugu yangu kwenye simu, na skrubu ilipofika mwisho niliendelea tu mpaka ikakatika. Mama alivumilia, kisha akasema, “Maitu, unalisha mtu ameshiba. Sikia sauti.”

Nikasikiliza. Ni kweli, vile vipigo vilibadilika kabla tu kichwa hakijalala, vikawa vikavu. Mama aliyasikia mabadiliko hayo mapema kuliko mimi. Tukaafikiana: mimi nabonyeza, yeye anasikiliza. “Bado,” angesema akiwa hatazami, sabuni mkononi. “Bado. Bado. Haya, imeshiba.” Nami ningeachia. Tangu siku hiyo zilizokatika ni za kuhesabu.

Kila ubao uliokazwa tuliupaka oili chafu ya gari ili mchwa wakose hamu. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulipanga. Njia ilivyoendelea ndivyo mama naye alivyoendelea. Asubuhi ya kwanza alikuwa barazani. Baadaye kiti chake kilikuwa juu ya mbao za kwanza, kisha karibu na tangi, kisha kando ya sukumawiki, ambako aliuchokoa ule msumari wa fundi kwa fimbo yake na kunicheka upya. Hakutaka nimsukume. Magurudumu yalikuwa yakigonga mbao za baba kwa mdundo mmoja, na uso wake haukukunjika.

Ubao wa mwisho, ule wa chini ya geti, niliukaza mchana wa Ijumaa matone ya kwanza yakinipiga mgongoni. “Bado,” mama akasema nyuma yangu, khanga kichwani. “Bado. Imeshiba.” Alikuwa anasubiri nitoke njiani apite. Simu yangu ikalia kabla sijainuka.

“Sister, huku imeanza,” ndugu yangu akasema. “Kesho nakuja. Mwambie afunge vitu zake.”

Nilifungua mdomo nimweleze. Mama akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni.

Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi udongo ulikuwa umevimba na kung'aa, na njia yetu ilikuwa imeinuka kidogo upande mmoja, nzima, haina hata ubao uliolegea. Niliikanyaga kuanzia mwanzo hadi mwisho nikiwa na viatu vya nyumbani. Nilirudi nikamkuta mama ameshavaa sweta lake la kanisani na ameshika mwavuli. Akanipita bila kuniomba chochote.

Nilisimama barazani nikasikiliza magurudumu yakienda. Getini bibi wa maziwa alikuwa amefika na mbuzi wake waliolowa. Sikusikia waliyoyasema, niliona mikono tu. Mama alionyesha mbao, bibi akazipiga kwa fimbo, wakacheka wote wawili.

Ndugu yangu alikuja kwa miguu. Gari lilimkwama pale kwenye kona, akaliacha, na kila hatua viatu vyake vya ngozi vilikuwa vikiongezeka uzito, mpaka alipofika alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa ndoo. Aliinua macho akamwona mama, mkavu, chini ya mwavuli, pale getini, nje ya nyumba ambamo alidhani amefungiwa. Alisimama matopeni, mdomo wazi. Akatazama mbao zote hadi kwangu barazani. Kisha akainua mguu mmoja apande.

“Simama hapo,” mama akamwambia. “Vua hizo viatu kwanza. Hutanichafulia barabara.”

Akavua. Mtu mzima na kazi yake, aliinama kwenye mvua akavua viatu mbele ya bibi na mbuzi, akavishika mkononi, akapanda kwa soksi. Alipotaka kushika kiti amsukume, mama akampiga mkono. Wakaja hivyo, yeye mbele, mwanawe nyuma na viatu vyake, na bibi wa maziwa nyuma yao wote, kwa mara ya kwanza akiingia kwangu kunywa chai.

Hakuna aliyetaja Embulbul. Ndugu yangu alikaa akikausha soksi zake karibu na jiko, akiigeuzageuza ile mashine mikononi. Mama alimaliza kikombe, akatazama nje dirishani, lile dirisha lake, kuelekea vilima ambako nyumba ya bibi huonekana ng'ambo ya uwanja wa tope.

“Maitu,” akasema, “mbao zimebaki?”

“Zimebaki.”

“Zinaweza kufika kwa huyu?”

Bibi akacheka. Ndugu yangu akacheka. Mama hakucheka; alikuwa ananitazama, akingoja jibu. Nikainuka, nikachukua mashine mikononi mwa ndugu yangu, nikachomoa betri nikaiweka kwenye chaja.